Uklasiki mpya ni nini? Tumtazame Antonio Canova

Uklasiki mpya ni mtindo wa sanaa ulioshika Ulaya kuanzia katikati ya karne ya 18, pale wasanii walipozifanya kazi za Wagiriki na Warumi wa kale kuwa kipimo cha uzuri. Uchimbaji wa Herculaneum (1738) na Pompeii (1748), miji iliyofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79, uliichochea sana hamu hiyo. Mtindo uliotangulia, Baroki, ulipenda nguo zinazopepea na miili inayojipinda kwa hisia. Wapya hawa wakataka utulivu.

Wengi hudhani basi kazi yao ilikuwa kunakili tu. Canova, mchongaji sanamu aliyezaliwa Possagno, kaskazini mwa Italia, mwaka 1757 na kulelewa na babu yake mchonga mawe, anaonyesha kwamba sivyo. Alipofika Roma akapewa marumaru amchonge Theseus, shujaa wa hadithi za Kigiriki, akimuua Minotaur, jitu lenye kichwa cha fahali. Mchoraji wa Kiskoti, Gavin Hamilton, akamshauri aache pigano lenyewe, achonge yaliyofuata. Theseus anaonekana ameketi juu ya mzoga, anautazama, vita vimekwisha. Hapo ndipo ulipo uklasiki mpya: hadithi ni ya kale, lakini uamuzi wa kuinyamazisha ni wa msanii.

Ulaini wa sanamu zake ulitoka kwenye karakana yenye utaratibu mkali. Alianza na kielelezo kidogo cha udongo, kisha kikubwa, nacho kikatolewa umbo la plasta. Juu ya plasta vilipigwa vijimisumari vya shaba. Mafundi walipima umbali kati ya msumari na msumari, wakauhamishia kwenye jiwe na kuchonga mpaka umbo likakaribia. Ngozi ya mwisho aliishika Canova mwenyewe, mara nyingi usiku kwa mwanga wa mshumaa, maana mwanga wa pembeni hufichua kila kibonde. Ukimtazama Psyche wake aliyeko katika makumbusho ya Louvre, Paris, binti wa hadithi za kale anapoinuka kumpokea Cupid, mungu wa mapenzi, utaelewa kwa nini hakumwachia mtu hatua hiyo.

Mtindo huu ulikuwa na mipaka yake. Canova alimchonga Napoleon, mtawala wa Ufaransa, akiwa uchi kama Mars, mungu wa vita wa Kirumi, urefu wa zaidi ya mita 3, kwa sababu mashujaa wa kale walichongwa hivyo. Napoleon alipoiona mwaka 1811 akaikataa: mwili ule wa mwanariadha haukuwa wake, na alijua watu wangecheka. Kwa maoni yangu alikuwa sahihi. Sanamu hiyo sasa iko London, katika nyumba ya Wellington, jenerali aliyemshinda Napoleon katika vita vya Waterloo.

George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, naye alivikwa mavazi ya kivita ya Kirumi, akiandika hotuba yake ya kuaga kwa Kiitaliano! Sanamu hiyo ilisimamishwa mwaka 1821, mwaka mmoja kabla ya Canova kufa, katika jengo la bunge la jimbo la North Carolina, Marekani. Moto uliounguza jengo hilo mwaka 1831 ukaiharibu. Lakini plasta yake ilikuwa imebaki Italia, ikahifadhiwa Possagno, na kutokana nayo ikachongwa marumaru nyingine, iliyosimamishwa North Carolina mwaka 1970.