Nyama za Paja Hujengwa Wakati wa Kushuka

Jioni moja, kwenye uwanja wa mtaa huko Ilemela, nilimwona winga kijana akikimbilia mpira mrefu. Beki hakuwa karibu. Ghafla akasimama, akashika paja kwa nyuma, akageuka kuangalia nani kamrushia jiwe. Hakuna aliyerusha. Muda si mrefu wenzake walikuwa wamemlaza kwenye nyasi, wanamchua kwa dawa ya moto kwa nguvu zao zote.

Nianze na hilo la kuchua, maana linaniumiza kila nikiliona. Nyuzi za msuli zikichanika, damu huvujia ndani ya paja. Kuchua kwa nguvu na kupasha joto siku mbili tatu za mwanzo huongeza uvujaji huo. Mpumzisheni, mfungeni bandeji, mwekeeni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Asipoweza kukanyaga, apelekwe hospitali.

Sasa, kwa nini msuli uchanike bila kuguswa na mtu? Mchezaji akiwa kwenye mbio kali, mguu hurushwa mbele, na goti hukunjuka kwa kasi. Kabla unyayo haujagusa ardhi, nyama za nyuma ya paja ndizo zinazofunga breki. Zinavuta kwa nguvu kubwa huku zenyewe zikirefuka. Hapo ndipo nyingi huachia, hasa msuli mrefu wa upande wa nje wa paja.

Nenda soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, uwatazame wapagazi. Anayetua gunia taratibu hajalegeza mikono. Misuli yake imekaza, lakini inarefuka kidogo kidogo mpaka gunia linakaa chini. Kazi ya namna hiyo ndiyo nyama za paja hufanya kwenye mbio, nazo zinapaswa kuzoeshwa hivyo hivyo. Kujinyoosha dakika tano kabla ya mechi hakutoshi.

Zoezi lenyewe linaitwa Nordiki, na halihitaji gimu. Piga magoti kwenye nyasi au juu ya kanga iliyokunjwa, mwenzako akushike vifundo vya miguu kwa nguvu. Nyoosha mwili kuanzia magoti hadi mabega, usikunje kiuno. Kisha jiachie kwenda mbele polepole, ukizuia kuanguka kwa nguvu ya mapaja. Ukishindwa kuzuia, jipokee kwa mikono, jisukume urudi juu. Wengi siku ya kwanza huanguka kama gogo mara tu wanapoinama kidogo. Ni kawaida.

Wiki za mwanzo nguvu huongezeka hasa kwa sababu ubongo na mishipa ya fahamu vinajifunza kuuamrisha msuli wote ufanye kazi. Mabadiliko ninayoyathamini zaidi yako ndani ya msuli wenyewe. Kila uzi wa msuli umeundwa na vipande vidogo sana viitwavyo sakomea, vilivyopangwa kama shanga kwenye kamba. Ukifanya kazi ya kushusha mara kwa mara, mafungu ya nyuzi hurefuka, na inaaminika kuwa shanga mpya huongezwa kwenye kamba. Msuli ukivutwa, kila shanga hunyooka kidogo tu, na msuli hubaki na nguvu hata ukiwa umerefuka. Urefu wa mafungu hayo hupimwa kwa ultrasaundi. Wachezaji wa kulipwa waliopimwa Australia na kukutwa na mafungu mafupi, chini ya takriban sentimita 10.5, walikuwa kwenye hatari ya kuumia mara nne zaidi ya wenzao.

Denmark walilijaribu zoezi hili kwa timu 50, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Waliofanya Nordiki kwa wiki 10, kisha mara moja kwa wiki, walipata majeraha 15 ya nyama za paja. Waliobaki na mazoezi ya kawaida walipata 52.

Anzeni kidogo: seti mbili za mara tano, siku moja wiki ya kwanza, siku mbili wiki ya pili, kisha mwongeze. Siku ya pili paja litauma, hasa ukikaa. Msilikimbie zoezi kwa sababu hiyo. Baada ya siku chache za zoezi maumivu hupungua sana, kwa kuwa msuli umeshazoea. Ila aliyechanika hivi karibuni, au anayesikia maumivu ya ghafla kama kisu, aonwe kwanza na mtaalamu wa fiziotherapia.

Makocha wengi huacha zoezi hili timu ikishinda mechi mbili tatu. Urefu ule wa nyuzi unaweza kupotea ndani ya wiki mbili tu za kuacha kabisa, ingawa kuulinda ni rahisi: seti mbili za mara nne, siku moja tu kwa wiki, zinaweza kutosha. Zifanyeni mwisho wa mazoezi, na si siku moja kabla ya mechi. Mkicheza Jumapili, Jumanne au Jumatano ni siku nzuri.