Legi haifungwi kwa kukariri jedwali la 170

Kila anayeanza mchezo wa vishale (darts) anaambiwa akariri jedwali la kufunga kuanzia 170, yaani orodha ya namna ya kushusha alama ulizobakiza hadi sifuri, kishale cha mwisho kikiwa dabo (pete nyembamba ya nje, inayohesabu namba mara mbili). Ushauri huu unanikera. Ni kweli 170 inafungika: trebo 20 (pete ya ndani, mara tatu), trebo 20, buli (kitovu cha ubao, 50, kinachohesabiwa kama dabo). Lakini anayeanza hapotezi legi, yaani mchezo mmoja hadi sifuri, huko juu. Anaipoteza akiwa chini ya 60, mara nyingi kwa kishale cha kwanza cha zamu ya vishale vitatu, kabla hata ya kuifikia dabo.

Kanuni unazijua. Ukipitiliza, ukibakiza 1, au ukifika sifuri bila dabo, zamu nzima inafutwa. Twende.

Swali la kujiuliza kabla ya kurusha ni hili: nikikosa, nitabaki na ngapi? Chukua 48. Jedwali linasema piga 8 ubaki na 40, na watu wanalenga 8 katikati kabisa. Kishale kikiangukia 11, wamebaki na 37. Kwa nini, wakati 16 iko ubavuni mwa 8 upande wa pili? Lenga 8 karibu na waya wa 16: ukipata 8 una dabo 20, ukipata 16 una dabo 16. Ukiwa na 46 ni vivyo hivyo, maana 6 na 10 ni majirani: ya kwanza inakuachia dabo 20, ya pili dabo 18.

Kwa namba witiri, shuka chini ya ubao. Kule 17, 3, 19 na 7 zimefuatana, zote witiri, na witiri ukitoa witiri unabaki na shufwa. Una 35? Lenga 3, ubaki na 32. Kikienda kulia kwenye 17, una 18. Kikienda kushoto kwenye 19, una 16. Zote ni dabo. Una 39? Lenga 19: 20, 36 au 32, kote unafunga. Sasa mtazame anayelenga 15 akiwa na 35 ili abaki na 20. Majirani wa 15 ni 10 na 2, kwa hiyo akikosa kidogo tu anabaki na 25 au 33, na kishale kimeenda bure. Ila lenga sehemu pana ya singo (inayohesabu namba mara moja), kati ya pete ya trebo na ya dabo. Trebo 19 ukiwa na 35 inakupitilizisha.

Dabo 16 inasifiwa kwa sababu ukiangukia singo unagawa kwa mbili tu: 32, 16, 8, 4, 2. Dabo 20 (40, 20, 10) inakwama kwenye 5, ambayo ni witiri. Hesabu ni sahihi, lakini inadhani utakosa kwa ndani, na pete yenyewe ina upana wa milimita 8 tu. Anayeanza anakosa kila upande, kwa hiyo sina hakika kwamba 16 inafaa kila mkono. Rusha vishale thelathini sehemu moja utazame vilivyotawanyika. Vikitawanyika juu na chini, jaribu dabo 6 au 11, ambazo ukanda wake umesimama wima. Vikitawanyika pembeni, dabo 20 au 3, ambazo ukanda wake umelala.

Na ukibaki na kishale kimoja, lenga ukingo wa nje wa dabo. Kikitoka nje ya waya, 40 yako inabaki 40.