Frite za jana, wali wa jana: namna ya kupasha chakula cha kubeba mjini Bukavu

Mfuko wa chakula ulionunuliwa jioni pale Nyawera au Essence huwa na vitu vinne vitano vilivyofungwa pamoja vingali moto: frite (chipsi), brosheti (mishikaki) za mbuzi, kipande cha kuku, kachumbari, na mayonezi juu yake. Nusu inaliwa, nusu inafungwa tena na kutiwa kwenye frigo vilevile ilivyo. Asubuhi vyote vinamwagwa katika sufuria moja, frite zinakuwa uji, nyama inakuwa kamba, na lawama inaangukia moto. Mara nyingi moto hauna kosa. Chakula kiliharibika jioni, wakati wa kufungwa.

Frite zimekunywa mvuke wa vyakula vingine. Nyama imepoteza maji yake. Wali na bugali vimekuwa vigumu hata kama maji yake bado yamo, kwa sababu wanga uliolainika kwa kupikwa hujipanga upya na kukaza unapopoa, na baridi ya frigo huharakisha kazi hiyo. Kwa hiyo frite zinataka kukaushwa, wali unataka mvuke, nyama inataka mchuzi. Ukivipasha pamoja, kimoja kitapona na viwili vitaharibika. Tenganisheni mara tu mnapomaliza kula: frite mbali, nyama mbali, wali umetandazwa kwenye sahani pana usizidi vidole viwili kwa unene ili upoe haraka. Kachumbari iliyokwisha kuchanganywa na mayonezi haifai kulala. Imalizeni au itupeni.

Halafu kuna saa. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili nje ya frigo, na saa hizo zinaanza kuhesabiwa kilipotoka motoni, si ulipofika nyumbani. Brosheti iliyokaa saa nzima kwenye sinia la muuzaji imekwisha kula nusu ya muda wake. Kati ya nyuzi 5 na 60 za joto vijidudu huongezeka upesi, na usiku wa Bukavu, hata ule unaotaka blanketi, uko ndani ya kiwango hicho.

Hapa kuna desturi moja ya kujadiliwa: kuchemsha sufuria usiku kabla ya kulala, kuifunika, kisha kuiacha juu ya babula (jiko la makala, yaani makaa) mpaka asubuhi. Kuchemsha kunaua vijidudu vilivyo hai. Hakuui mbegu zao. Kijidudu kiitwacho Bacillus cereus, ambacho hupatikana sana kwenye wali, huacha mbegu ngumu zinazostahimili mpiko. Sufuria inapopoa polepole usiku kucha, mbegu hizo zinaamka, zinaongezeka, na aina fulani humwaga sumu. Sumu inayosababisha kutapika haivunjwi na moto wa jikoni, hata uchemshe kiasi gani. Ndiyo maana wali uliolala mezani hauokolewi na kupashwa, wala harufu yake haitakuonya. Nyama nzito na maharage yaliyoachwa kwenye sufuria kubwa yana hatari inayofanana, kutoka kwa kijidudu kingine. Kama nyumba haina frigo, ushauri wetu ni mmoja tu, na tunajua haupendezi: nunueni kiasi cha kuliwa jioni hiyo.

Sasa jikoni, na tuanze na frite kwa kuwa ndizo zinazotupwa zaidi. Chukua kikaango kizito, kiweke juu ya makala yaliyoshika vizuri au resho (jiko la umeme), ukiache kipate moto mpaka tone la maji liruke na kukauka papo hapo. Tia nusu kijiko cha supu cha mafuta. Frite zenyewe zina mafuta ya kutosha. Zitandaze tabaka moja. Zikipandana, za juu zitapikwa kwa mvuke wa za chini, na utakuwa umerudi palepale. Usifunike. Ziache dakika mbili bila kuzigusa, zigeuze, kisha dakika tatu nyingine. Chumvi mwishoni. Mikroonde inazipasha, lakini ngozi yake inabaki laini kwa sababu maji ya ndani yanasukumwa nje na hayapati nafasi ya kukauka. Zilizolowa kupita kiasi zikate vipande, zikaange kidogo, umimine juu yake mayai mawili yaliyopigwa na kitunguu na kipande cha seleri. Funika kwa moto mdogo dakika nne, geuza. Kwa kweli omeleti hii inazishinda frite zilivyokuwa jioni.

Brosheti za mbuzi msizirudishe moja kwa moja kwenye makala. Nje itaungua kabla ya katikati kupata moto, na maji machache yaliyobaki yatatoka. Mafuta ya mbuzi nayo huganda magumu yakipoa na kubandika kaakaa, ndiyo sababu brosheti baridi ina ladha ya mshumaa. Chomoa nyama kwenye kijiti ikiwa bado baridi, kata kila kipande mara mbili au tatu. Kaanga kitunguu kimoja na nyanya mbili mpaka nyanya zivunjike, tia nyama na vijiko vitatu vya maji, funika dakika tano mpaka itokote kila mahali, fungua, kausha dakika moja au mbili. Pilipili na ndimu viingie mwishoni. Anayetaka harufu ya makala aipashe nyama kwanza kwa mvuke, kisha aipitishe juu ya moto dakika moja tu kwa kila upande.

Kuku mtoe mifupa kabla. Kwenye paja, nyama iliyo karibu na mfupa ndiyo ya mwisho kupata moto, na hapo ndipo watu hudanganyika: ngozi inachoma ulimi, ndani bado baridi. Kiwango cha kutafuta katikati ni nyuzi 70. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kwa kazi hii zinatosha sana, mradi mchuzi utokote kweli na si pembeni peke yake. Mifupa usiitupe: itie kwenye lita moja ya maji pamoja na poro (liki), seleri na tangawizi, itokote dakika 40 hivi, na utapata mchuzi wa kupikia viazi.

Wali uliolala frigo, na uliingia humo kwa wakati, uliwe kesho yake. Vunja mabonge kwa mkono msafi, tia kijiko kimoja cha supu cha maji kwa kila kikombe, funika kabisa, moto mdogo dakika sita, kisha uache umefunikwa dakika mbili. Ukitaka kuukaanga, usiulainishe kwanza: wali baridi ni mgumu, punje hazishikani, na hivyo ndivyo wali wa kukaanga unavyotakiwa kuwa. Bugali wa muhogo ukate vipande vya unene wa kidole, upake mafuta kidogo, ukaange dakika nne kila upande mpaka upate ngozi.

Sambaza (samaki wadogo wa ziwani) za kukaanga hazihitaji mafuta mapya. Kikaango kikavu, dakika tatu, unatikisatikisa, basi. Ila angalizo: samaki wa ukoo wa dagaa wakikaa kwenye joto kabla ya kukaangwa wanaweza kutengeneza histamini, na moto hauiondoi. Ukihisi ulimi unawasha bila kuwa umetia pilipili, tema na uache.

Sombe (kisamvu) ni nzito, chini yake inatokota na kurusha matone wakati katikati bado ni baridi. Iongezee vijiko vitatu vinne vya maji na uikoroge mpaka chini. Makemba (ndizi za kupika) yaliyoiva yana sukari nyingi, moto uwe mdogo.

Pasha unachokula tu, mara moja. Kinachopashwa na kurudishwa frigo kinapita tena katika joto la hatari. Kisanduku cha povu jeupe kisiingie mikroonde wala kisikae juu ya sufuria inayofuka, kwa kuwa hulainika kwenye joto la maji yanayochemka. Babula iwe nje au mlango uwe wazi. Moshi wa makala una hewa yenye sumu isiyo na harufu.

Na umeme ukikatika usiku: frigo iliyofungwa bila kuguswa hushika baridi kwa muda wa saa nne hivi. Ikipita hapo, nyama, samaki na wali uliopikwa humo vimekwisha muda wake, hata kama kwa mkono vinaonekana baridi.