Kioo ni nini, na kwa nini hakitiririki

Nimesikia mara nyingi mno, tena kwa watu waliosoma, kwamba kioo ni kimiminika kizito kinachoshuka polepole, na kwamba ushahidi ni madirisha ya makanisa ya kale ya Ulaya, ambayo vioo vyake ni vinene zaidi upande wa chini. Kauli hiyo hupokelewa haraka kwa kuwa inapendeza kuisimulia. Si ya kweli, na inaficha jambo zuri zaidi kuhusu maada hii.

Kioo ni kitu yabisi ambacho atomi zake hazina mpangilio unaojirudia. Mchanga wa silika huyeyushwa pamoja na magadi na chokaa, kisha uji huo hupoozwa kwa kasi inayozinyima atomi nafasi ya kujipanga kuwa fuwele, yaani yabisi yenye mpangilio unaojirudia, nazo hunaswa katika hali ileile ya kutawanyika zilizokuwa nayo katika uji.

Jina lenyewe limechangia kupotosha. Kiswahili kimelipa neno kioo mzigo wa maana tatu, yaani maada, kipande cha dirishani na kile cha kujitazamia, na chombo cha kunywea kikaitwa glasi au bilauri. Bilauri ni neno la asili ya Kiarabu, na huko maana yake ni fuwele, hasa ile angavu ya kwazi itokayo mwambani. Mafundi wa Murano, karibu na Venice, walifanya vivyo hivyo katika karne ya 15 walipokipa kioo chao angavu jina la fuwele hiyo kwa sababu ya kufanana nayo, na hadi leo vyombo vya kioo chenye oksidi ya risasi huuzwa kwa jina la kristali ilhali ndani yake hamna fuwele. Kwazi na kioo cha silika tupu vina kemikali moja, atomi moja ya silikoni kwa mbili za oksijeni. Kinachovitenganisha ni mpangilio peke yake. Kwa hiyo bilauri imepewa jina la kitu ambacho, kwa fasili, haiwezi kuwa.

Aliyekwisha kuelewa kwamba kioo si fuwele ndiye hukimbilia upande wa pili na kukiita kimiminika. Hapo ndipo kosa lilipo, kwa maana maswali mawili yamechanganywa: atomi zimepangwaje, na je, zinahama? Swali la kwanza halijibu la pili. Mwanakemia Gustav Tammann, aliyefanya kazi Göttingen nchini Ujerumani, alikieleza kioo katika miaka ya 1930 kuwa kimiminika kilichopoozwa kupita kiwango chake cha kuganda na kisha kugandishwa, na waliomnukuu baadaye wakaliacha neno la mwisho.

Anayetaka kuona kimiminika cha polepole kwelikweli na aitazame lami. Katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, Thomas Parnell aliweka lami ndani ya faneli mwaka 1927, na hadi mwaka 2014 yalikuwa yameanguka matone 9. Lami hiyo huvunjika vipande ikipigwa nyundo, lakini inatiririka, kwa kuwa mnato wake, yaani ukinzani wake dhidi ya kutiririka, ni takriban mara bilioni 230 ya ule wa maji. Kioo cha kawaida cha dirisha huvuka mpaka wa kuwa yabisi kikipoa hadi karibu nyuzi 550 za Selsiasi, pale mnato wake unapofikia takriban paskali-sekunde (kipimo cha mnato) trilioni 1, ambao tayari ni maelfu ya mara ya ule wa lami; na kuanzia hapo kadiri joto linavyoshuka ndivyo unavyozidi kupanda. Watafiti waliochunguza kioo chenye mchanganyiko kama wa kile cha Westminster Abbey, kanisa la kale la London, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2017, walikadiria kwamba katika joto la kawaida kingesogea kwa nanomita 1 hivi (sehemu moja ya bilioni ya mita) katika miaka bilioni moja. Kanisa lenyewe halijafikisha hata miaka elfu moja na mia moja.

Unene wa chini basi umetoka wapi? Fundi wa zamani alipuliza puto la kioo cha moto, akalifungua na kulizungusha kwa nguvu mpaka likatanuka kuwa sahani, na sahani hiyo haikuwa na unene ulio sawa kila mahali. Vipande vilivyokatwa humo vilikuwa na upande mmoja mzito, na ni jambo la busara kuukalisha chini. Vipo pia vipande vya kale ambavyo upande huo uko juu au ubavuni, na hivyo havitajwi kamwe katika simulizi hii.

Wataalamu bado wanajadiliana kuhusu fasili kamili, kwa sababu atomi za kioo hazijatulia kabisa kama zinavyotulia katika fuwele, nami siwalaumu wanaosita kutumia neno yabisi bila maelezo. Asiyependa kuiacha kauli aliyoizoea, basi alirudishe tu lile neno lililoachwa, aseme kioo ni kimiminika kilichogandishwa.