Safari fupi za umisheni nje ya nchi: yasemwayo na yalivyo

Safari fupi ya umisheni ni ya siku kumi, wiki tatu, wakati mwingine miezi michache. Wakristo wa nchi moja huenda kutumika pamoja na kanisa la nchi nyingine, kisha hurudi makwao. Nimewahi kuwa upande wa wanaokwenda, na nimewahi kuwa upande wa wanaopokea. Mtu aliyesimama pande zote mbili huona jambo moja upesi: mengi tunayoambiana kabla ya kupanda ndege yametungwa na wasafiri wenyewe, na wale wanaobaki baada ya timu kuondoka hawakuulizwa. Naandika kwa ajili ya aliyekwisha kujaza fomu ya safari, na kwa anayeifikiria. Naipenda kazi hii, na ndiyo maana inaniuma inapofanywa ovyo.

Dhana: Umisheni ni watu wa nchi tajiri kwenda kwa watu wa nchi maskini

Hesabu za Kituo cha Utafiti wa Ukristo Duniani, kilichopo katika seminari ya Gordon-Conwell nchini Marekani, zinasema vingine. Mwaka 2010 wamisionari wa kimataifa wanaokaa muda mrefu walikadiriwa kuwa 400,000. Marekani ilituma 127,000 na Brazili ikashika nafasi ya pili kwa 34,000. Na nchi iliyopokea wamisionari wengi kuliko zote ilikuwa Marekani hiyo hiyo, zaidi ya 32,000. Kwa hiyo kanisa lisilo na fedha nyingi lisijihesabu kuwa la kupokea tu.

Wala hili si jambo la juzi. Kanisa la Antiokia, lililowawekea mikono Barnaba na Sauli katika Matendo 13, lilianzishwa na watu waliokimbia mateso. Kati ya viongozi wake alikuwamo Simeoni aitwaye Nigeri, na Lukio wa Kirene, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Libya. Wakimbizi na wageni ndio waliotuma.

Dhana: Wiki mbili hazifai kitu

Nimeisikia mara nyingi, hasa kutoka kwa watu waliochoshwa na timu zisizo na mpango. Nawaelewa, ila hawajasema kweli yote. Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita, na Efeso miaka mitatu. Lakini kule Thesalonike, Luka anataja sabato tatu tu za kuhojiana katika sinagogi kabla ghasia hazijamfukuza mjini. Kanisa likabaki. Lilibaki kwa sababu Paulo hakuishia kwenye ziara: alimtuma Timotheo arudi kuwaimarisha, akawaandikia barua, na walikuwapo ndugu wa pale pale waliobeba kazi.

Mfano wa siku zetu ni Mercy Ships, huduma ya meli za hospitali iliyoanza mwaka 1978. Daktari wa upasuaji au muuguzi anaweza kujitolea kwa wiki chache, na wanaojitolea hujilipia gharama zao. Hata hivyo wiki hizo zina maana kwa kuwa meli yenyewe hutia nanga kwa miezi mingi: wagonjwa wamekwisha kuchaguliwa kabla ya daktari mgeni kufika, na akiondoka kuna mtu wa kuangalia vidonda vinavyopona. Kwa hiyo kabla ya kuuliza safari ni ya siku ngapi, uliza kama kuna kazi ya muda mrefu ambayo siku zako zinaingia ndani yake. Kama haipo, hata miezi sita haitatosha. Kama ipo, fundi umeme wa siku tano anaweza kuacha baraka kubwa. Vivyo hivyo mhasibu anayefundisha namna ya kutunza vitabu vya fedha, au mwalimu anayekaa na watoto wa wamisionari ili wazazi wao wapumzike. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayepaswa kuwa mhubiri, jambo linalojibu hofu nyingine ya kawaida: “mimi sijui kuhubiri, nitakwenda kufanya nini?”

Dhana: Lazima tujenge kitu cha kuonekana, na safari yenyewe itatubadilisha milele

Mwaka 1998 kimbunga Mitch kiliiangusha Honduras. Timu nyingi za makanisa zilikwenda kujenga nyumba. Mtafiti Kurt Ver Beek, aliyekuwa akiishi nchini humo, alilinganisha familia zilizojengewa na timu za wageni na zile zilizojengewa na mashirika ya Kikristo ya wenyeji, akachapisha matokeo mwaka 2006. Nyumba moja iligharimu takriban dola 2,000. Timu moja ilitumia kama dola 30,000 kufika na kuijenga. Je, familia zilizojengewa na wageni zilipata nafuu zaidi ya kiroho au ya maisha? Haikuonekana tofauti ya maana. Wenyeji walisema waziwazi kwamba fedha zile zingeweza kujenga nyumba nyingi zaidi.

Kilichonigusa zaidi ni upande wa wasafiri. Wengi waliamini wamebadilika: wanaomba zaidi, wanatoa zaidi. Zilipoangaliwa rekodi za utoaji, mabadiliko yalikuwa madogo kuliko walivyodhani. Sisemi hivi ili kumvunja mtu moyo. Machozi ya siku ya mwisho ni ya kweli, nami nimeyalia. Ila hisia ya uwanja wa ndege hailindwi na hisia. Timu inayokutana tena baada ya kurudi, ikaendelea kuliombea kanisa lile kwa majina ya watu, ikatoa sadaka yake kila mwezi na kuripoti kwa kiongozi wake, hiyo ndiyo inayobaki na badiliko. Kwenye bajeti nyingi nilizowahi kuziona, miezi ya baada ya safari haina hata mstari mmoja.

Ujenzi nao haujakatazwa. Wenyeji wakisema wamepungukiwa mikono, nendeni mkabebe matofali. Wakisema wana mafundi wasio na kazi na wamepungukiwa saruji, basi saruji ndiyo ibada yenu.

Dhana: Mikono iliyoinuliwa ndiyo mavuno

Hapa nitasema polepole, maana najua ninagusa ripoti tunazosoma madhabahuni. Mgeni amesafiri maelfu ya kilomita, amehubiri kwa moyo wote, amewaita watu wamfuate Yesu, na mikono mia tatu imeinuka. Anaandika: watu 300 wameokoka. Anayebaki ni mchungaji wa pale, naye anawatambua wengi wao. Wapo waumini wake wa miaka mingi walioinua mkono kwa kuwa wameguswa. Wapo walioinua mkono pia kwa timu iliyopita, na kwa ile iliyoitangulia. Wapo walioinua kwa adabu, kwa sababu kumwachia mgeni mikono mitupu ni aibu. Na wapo, ashukuriwe Mungu, waliookoka kweli jioni ile.

Ni nani atakayewajua hao wa mwisho? Mtu wa kanisa lile anayejua nyumba zao. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba wito wa kuokoka ufanywe pamoja na wenyeji, majina yaandikwe na wenyeji, na ufuatiliaji uwe umepangwa kabla ya mkutano wa kwanza. Mkirudi nyumbani semeni mlichokiona: tulihubiri siku nne, watu wengi walikuja mbele, kanisa linawatembelea. Ripoti hiyo ni fupi, haipigiwi makofi sana, lakini ni ya kweli, na kazi ya Mungu haihitaji tuiongezee namba.

Dhana: Kutembelea kituo cha yatima hakumdhuru mtu

Kati ya yote niliyoandika hapa, hili ndilo ningependa lisomwe na kila kiongozi wa timu. Watoto wengi wanaoishi katika vituo vya yatima duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Umaskini ndio uliowapeleka huko, na mara nyingine ahadi ya shule na chakula. Kule Kambodia, kati ya mwaka 2005 na 2010 idadi ya vituo iliongezeka kwa asilimia 75, na karibu watoto watatu kati ya wanne waliokuwamo walikuwa na mzazi. Wageni walikuwa wakifika wakiwa na mikono ya upendo na bahasha za michango, na mahali penye bahasha hapakosi mtu wa kutafuta watoto wa kujaza vitanda. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio linalotaja madhara hayo, yakiwamo ya utalii wa kujitolea katika vituo hivi.

Kuna pia moyo wa mtoto mwenyewe. Mtoto anayemkimbilia mgeni asiyemjua na kumng’ang’ania dakika ile ile, sisi humwona ana upendo. Mara nyingi ni mtoto aliyezoea kuachwa. Timu ikimbeba wiki nzima kisha ikapotea, amezoeshwa tena.

Nia njema haikingi. Tarehe 29 Januari 2010, siku chache baada ya tetemeko la Haiti, Wabaptisti 10 kutoka Marekani walikamatwa wakijaribu kuwavusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika bila hati zinazotakiwa. Baadaye ilibainika kwamba watoto hao walikuwa na wazazi. Kama mzigo wako ni watoto, liulize kanisa mwenyeji familia zipi zinalea watoto wa ndugu zao, kisha saidia familia hizo kupitia kanisa lenyewe, bila kamera.

Dhana: Lugha si tatizo, mkalimani yupo

Mkalimani si bomba la kupitishia maneno. Mahubiri ya dakika arobaini yana maneno yako ya dakika ishirini tu, nusu nyingine ni yake. Katika lugha kama Kijapani, Kituruki na Kihindi, kitenzi hukaa mwishoni mwa sentensi, kwa hiyo ukikata sentensi katikati kwa msisitizo hana cha kusema mpaka uimalize. Methali zako hazitavuka. Shairi lako la vina litafika likiwa vumbi. Mpe muhtasari na mistari ya Biblia jana yake, ajue inavyosomeka katika Biblia ya kwao. Mpe maji. Mwache apumzike mchana, maana wakati ninyi mnakula yeye bado anatafsiri mazungumzo ya mezani. Na mkiondoka, maswali ya watu yatakwenda kwake.

Salamu kumi na neno la shukrani, jifunze mwenyewe.

Dhana: Ukienda kwa imani, karatasi zitajipanga

Nchi nyingi hutaka pasipoti iliyobakiza miezi 6 kabla ya kuisha muda. Visa ya utalii si ruhusa ya kuhubiri kila mahali: India ina visa ya kimisionari iliyo tofauti na ya watalii. Katiba ya Nepal ya mwaka 2015 inakataza kumgeuza mtu dini, na sheria ya jinai iliyoanza kutumika Agosti 2018 inaweka kifungo cha hadi miaka 5. Mgeni akikosea, hufukuzwa nchini. Mwenyeji aliyempokea anabaki na polisi mlangoni. Ni halali kwa mtu kuchagua hatari yake mwenyewe, lakini si halali kumchagulia ndugu yake bila kumwambia.

Afya ni hivyo hivyo. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote. Dawa ya kukinga malaria haiishi siku ya kurudi: doksisaiklini na mefloquine huendelea kumezwa wiki 4 baada ya kutoka eneo lenye malaria, na wengi huugua kwa kuacha mapema. Kama timu inabeba dawa za msaada, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda zinapofika. Na usiyeruhusiwa kushona kidonda kwenu, usikishone kwa watu. Mwili wa maskini si mahali pa kujifunzia.

Dhana: Wenyeji wametualika, basi wanatuhitaji

Mwaka 1971 mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki alisimama mbele ya Wakristo wa Marekani akaomba wamisionari waondolewe, na fedha zisitishwe, kwa kipindi kisichopungua miaka mitano, ili makanisa ya Afrika yasimame kwa miguu yao. Mwaka 1974, mkutano wa makanisa ya Afrika yote uliofanyika Lusaka uliunga mkono wito huo. Wengi waliudhika. Alichokuwa anakitaka ni uhusiano ambao pande zote mbili zinaweza kusema hapana.

Wenyeji wengi bado hawawezi kuisema, hasa kwa mtu aliyekwisha kukata tiketi. Kwa hiyo waulizeni kabla ya tarehe kuchaguliwa, kabla ya michango kutangazwa, na waulizeni kwa namna inayowaachia mlango wazi. Kanisa moja tuliloliuliza hivyo lilituandikia kwamba mwaka ule lilikuwa na msiba mkubwa wa uongozi na lingependa tusije. Tulikutana jioni ya siku ambayo tungesafiri, tukaomba, tukawapigia simu. Mzee wa kanisa alipokea, akanyamaza kidogo, kisha akaanza kututajia mmoja mmoja majina ya watu aliotaka tuwaombee.