Jinsi ya Kuomba Rekodi za Polisi nchini Kenya

Mwananchi anayedai fidia baada ya ajali ya barabarani, familia inayomtafuta ndugu yao aliyekamatwa na mshtakiwa anayejiandaa kwa kesi, wote huhitaji maandishi yaliyo mikononi mwa polisi. Wengi wao huondoka kituoni mikono mitupu kwa sababu waliomba kwa mdomo, hawakutaja rekodi waliyoitaka, au waliamini kwamba kupewa ni hisani ya afisa aliye zamu. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza namna ya kuitumia haki hiyo. Polisi hawakuachwa nje ya sheria hiyo.

Mambo mengi huanzia kwenye OB, kitabu cha matukio kinachowekwa katika kila kituo. Ukipiga ripoti, maelezo yako huandikwa humo na kupewa namba, kwa mfano 23/14/3/2024, maana yake ni taarifa ya 23 iliyoandikwa tarehe 14 Machi 2024. Kwa kuwa kitabu hicho hufuata siku na mfuatano wa taarifa wala si majina ya watu, asiyekuwa na namba humlazimu afisa kupekua ukurasa baada ya ukurasa, na hapo ndipo maombi mengi hukwama. Usiondoke kwenye meza ya ripoti kabla ya kuandikiwa namba hiyo, na uandike pia saa uliyopiga ripoti na jina la kituo. Kupiga ripoti hakulipiwi.

Baadhi ya karatasi hutolewa bila barua ndefu. Aliyepoteza kitambulisho au aliyepata ajali huomba abstrakti ya polisi, yaani karatasi inayothibitisha kwamba tukio liliripotiwa, katika kituo alikopiga ripoti, na kampuni za bima huidai kabla ya kushughulikia madai. Aliyepigwa au kujeruhiwa hupewa fomu ya P3, ile ya kuthibitisha majeraha, ambayo hujazwa na polisi na daktari. Nashauri upige nakala ya P3 iliyokwisha kujazwa kabla ya kuirudisha kituoni, kwa kuwa ile halisi huingia katika faili ya kesi na kuifuatilia baadaye huchukua muda.

Rekodi zilizobaki, kama vile mchoro wa eneo la ajali, kitabu cha waliowekwa korokoroni, au maandishi ya OB ambayo wewe hukuyaandikisha, ziombe kwa maandishi. Sheria inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika ana haki ya kusaidiwa na afisa ili maneno yake yaandikwe. Elekeza barua kwa Inspekta Jenerali wa Polisi, na nakala uipeleke kwa OCS, yaani mkuu wa kituo kinachohusika, kisha utaje kitu chenyewe: "Naomba nakala ya maandishi ya OB namba 23 ya tarehe 14 Machi 2024, pamoja na mchoro wa eneo la ajali iliyotajwa humo." Sentensi kama hiyo hujibika. Ukiandika "habari zote kuhusu kesi yangu" utakuwa umempa afisa sababu ya kuuliza maswali badala ya kutafuta. Weka jina lako, anwani na namba ya simu, na ueleze kama unataka nakala au unataka tu kuisoma rekodi palepale. Ukiulizwa unaitakia nini, fahamu kwamba haki yako haitegemei sababu unayoitoa. Kuwasilisha ombi ni bure, na kinachoweza kutozwa ni gharama halisi ya kutoa nakala.

Jibu linapaswa kutolewa haraka iwezekanavyo, na lisizidi siku 21 tangu ombi lipokelewe. Muda huo unaweza kuongezwa mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14, kwa mfano pale rekodi za kupekuliwa ni nyingi. Lakini habari inapogusa uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Jamaa wa mtu aliyechukuliwa na polisi na hajulikani alipo wanapaswa kulitaja sharti hili katika mstari wa kwanza wa barua yao, wakiuliza anazuiliwa kituo gani na aliandikishwa OB namba ngapi. Wasingojee jibu hilo ili watafute wakili, maana Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa muda huo ukimalizikia nje ya saa za kazi za mahakama au siku isiyo ya mahakama.

Zipo habari zinazoweza kuzuiliwa kwa haki, zikiwemo zinazohatarisha usalama wa taifa au maisha ya mtu, zinazovuruga mwenendo wa haki, au zinazoingilia faragha ya mtu mwingine bila sababu ya msingi. Shahidi aliyetoa maelezo kwa siri na mtoto aliyedhulumiwa wanastahili kinga hiyo, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo, jina moja la kulindwa halitoshi kuficha ukurasa mzima, kwa hiyo omba jina lifutwe na upewe nakala ya sehemu iliyobaki. Mshtakiwa ana njia nyingine pia: Kifungu cha 50 kinamhakikishia kujulishwa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka utautegemea na kuufikia ipasavyo, na ombi hilo hupelekwa mbele ya hakimu.

Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi. Kimya nacho huhesabiwa kuwa kukataliwa muda ukishapita. Una siku 30 za kuiomba Tume ya Haki ya Utawala, maarufu kama Ombudsman, ipitie upya uamuzi huo, na tume hiyo ina mamlaka ya kuamuru habari itolewe. Ambatisha nakala ya barua yako yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe, kwa kuwa tarehe hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba siku 21 zimekwisha.