Dubrovnik: sifa za ukuta, kazi ya mfuko

Watu husema mengi kuhusu mji huu; haya ni matano, kila moja na jibu lake.

"Ukuta ndio uliouokoa mji huu."

Ukiuona, huwezi kumlaumu anayesema hivyo. Ukuta wa Dubrovnik, huko Kroatia, una urefu wa mita 1,940 hivi, na upande wa bara unene wake hufika mita 6. Lakini kwa karne nyingi mlinzi hasa alikuwa mfuko na ulimi. Jamhuri hii ndogo, enzi hizo ikiitwa Ragusa, ilimlipa Sultani wa Osmania dukati (sarafu za dhahabu) 12,500 kila mwaka, na wafanyabiashara wake wakapita Balkani bila kubughudhiwa. Mwaka 1806 Wafaransa waliingia kwa kufunguliwa lango. Miaka miwili baadaye jamhuri ikafutwa kwa amri tu, ukuta ukiwa mzima.

"Ulikuwa mji wa Venice."

Venice, enzi hizo dola ya baharini katika Italia ya leo, iliutawala kuanzia 1205 hadi 1358, basi. Baada ya hapo walikuwa wapinzani wa kibiashara. Wenyeji waliogopa udikteta kiasi kwamba mkuu wao alishika madaraka mwezi mmoja (hata kiti hakijapata joto!) na hakutoka ikuluni ila kwa shughuli za dola.

"Karantini ilibuniwa Venice."

Neno, ndiyo. Ila Ragusa iliamuru mwaka 1377 kwamba watokao penye tauni wakae nje ya mji siku 30 kwanza.

"Majengo yote ni ya zama za kati."

Tetemeko la Aprili 6, 1667 liliangusha sehemu kubwa ya mji. Nyumba za Stradun, barabara kuu, zilijengwa upya baadaye, ndiyo maana zinafanana kama pacha. Angalia milango ya maduka ya chini: mlango na dirisha viko ndani ya tao moja, na kizingiti cha dirisha ndicho kaunta. Muuzaji alikupa bidhaa hapohapo, wewe ukiwa nje.

"Masaa mawili yanatosha."

Yanatosha kwa picha. Mimi ningepanda ukutani asubuhi mapema, kabla abiria wa meli za kitalii hawajamwagika na kabla jua halijawa kali, maana huko juu kivuli ni cha kutafuta. Kisha tazama mapaa. Vigae vilivyopauka ni vya zamani. Vyekundu vinavyong'aa vilichukua nafasi ya vilivyovunjwa katika mashambulizi ya 1991 na 1992, wakati wa vita vya uhuru wa Kroatia. Ukuta ulipigwa ukasimama; makombora mengine yaliupita kwa juu.